Bwana Shamba na Ngogwe ya Mwezi wa Tisa

Suruali zake zilianza kufa magotini. Wanaume wengine huku kwetu suruali zao hufa matakoni, kwa baiskeli na kwa kukaa kilabuni. Za Bwana Shamba nyuma zilikuwa nzima kabisa, mbele zimetoboka, juu ya tundu kuna kiraka, na kiraka nacho kimetoboka. Jirani yangu Mama Limi, ambaye mdomo wake haujui kupumzika, alisema yule baba lazima ana dhambi kubwa, ndiyo maana anashinda amepiga magoti. Nikamwambia hasali, anahesabu ngogwe.

"Bora angesali," akasema Mama Limi. "Mungu angemjibu mapema."

Ukoo wake siujui, na alikozaliwa sikuuliza. Mtu akikaa nawe bustanini miaka na miaka, hayo mambo yanakuwa ya kumuuliza mgeni. Jina analo, lakini hakuna aliyelitumia. Alikuwa Bwana Shamba hata baada ya kustaafu, hata baada ya kituo cha utafiti alikofanya kazi kumpa zawadi ya blanketi na kumwambia apumzike. Blanketi alilitumia kufunikia kitalu cha miche. Kupumzika hakujui.

Kisukuma alijifunza neno moja, mwangaluka, ambalo ni salamu ya asubuhi. Akalitumia kutwa nzima. Jua linazama, ng'ombe wanarudi kutoka kunywa maji lamboni, yeye anapita na ndoo zake: "Mwangaluka, mwangaluka." Mwanzoni tulimrekebisha. Baadaye tulichoka, tukawa tunaitikia tu.

Bustani yangu iko kando ya lambo, nje kidogo ya Tinde. Si kubwa, lakini wajukuu zangu wote wameota meno kwa bustani ile, na mmoja amefika chuo, kwa hiyo sitaki mtu aidharau. Alipostaafu alikuja kuniomba kipande. Nilimwambia, nitakupa, lakini maji utachota mwenyewe, mimi mgongo wangu si wa serikali. Akakubali. Alichota kweli. Mtu mzima, mvi kichwa kizima, ndoo huku na ndoo huku, jua la Shinyanga linamkaanga, na hajawahi kuniambia amechoka. Ila ukimtazama usoni ulikuwa unaona uchovu umekaa pale kama mtu aliyejenga.

Alichokuwa anatafuta nitakisema sasa hivi, maana bila hicho hutamwelewa. Alitaka mche mmoja wa ngogwe. Ngogwe ni zile ambazo wengine wanaziita nyanya chungu. Alitaka mche unaozaa sana, unaozaa mwezi wa tisa wakati lambo limebaki tope na miche mingine imekufa imesimama, na watoto wake wakipandwa wafanane nao. Basi. Ameutafuta tangu nywele zake zikiwa nyeusi. Kila msimu alikuwa anapata viwili kati ya hivyo vitatu, na cha tatu kinamcheka.

Ukipata mche wenye ngogwe nene, ziko chache. Ukipata zilizojaa vishada, ni ndogo kama vifungo vya koti. Na ukipata uliojaliwa vyote, ukipanda mbegu zake mwaka unaofuata unaletewa kila aina ya mtoto: mrefu, mfupi, wa ngogwe nyeupe, wa kijani yenye mistari, na mwingine amekaa tu majani, hana hata ua. Mimi ningetupa jembe. Yeye alikuwa anafurahi.

"Unafurahia nini?" nikamuuliza siku moja. "Si umekosa?"

"Mama Kulwa, zikifanana zote, nitachagua nini?"

Hayo ndiyo yalikuwa maneno yake. Ukimletea ngogwe ya ajabu kutoka kwa shangazi yako aliyeko Isaka, imepinda kama sikio la mbuzi, wewe unaona aibu kumwonyesha, yeye anaipokea kwa mikono miwili. Alizunguka vijijini kuomba mbegu kwa akina mama, hapa zimo kwenye kikombe cha kahawa, pale kwenye kipande cha nguo kilichofungwa fundo. Alitaka zisizofanana. Alisema ndani ya zile mbaya mna kitu ambacho nzuri hazina, labda mizizi mirefu, labda ngozi ya kustahimili jua, na kazi yake ni kuziozesha, mbaya kwa nzuri.

Na kuozesha huku si kwa kuoza, ni kwa kuoa. Kwa kweli alikuwa anaozesha maua. Asubuhi na mapema, nyuki hawajaamka, yuko chini na kibano, anafungua ua lililokuwa bado limefumba, analitoa udume wake wote, halafu anapaka unga wa ua jingine, analivalisha kifuko cha kitambaa cha chandarua, anafunga uzi. Mama Limi akipita na ndoo lazima asimame.

"Bwana Shamba, mahari wametoa?"

"Wanajipanga."

"Mbona bibi harusi umemvika mfuko wa panya?"

"Ili nyuki wa kwako asije akamtia mimba."

Mama Limi alicheka mpaka maji yakamwagika, ikabidi arudi kuchota.

Lakini ajabu ni hii. Mtu aliyependa tofauti namna ile kwa ngogwe, kwake mwenyewe hakuwa nayo hata moja. Shati lile lile la kaki. Ugali ule ule na maziwa mgando, mchana na jioni. Njia ile ile ya kuja bustanini. Tukifyeka njia mpya fupi, yeye anazunguka ile ndefu. Na ngogwe hali. Umesikia? Hali ngogwe. Alisema zinamkwaruza koo. Kila mche aliouona una maana aliniletea tunda lake nimpikie, kila moja chungu chake kidogo, zisichanganyike, halafu anakaa kwenye kigoda ananitazama mdomoni kama daktari.

"Chungu?"

"Chungu."

"Chungu kiasi gani?"

Sasa uchungu unaupimaje? Nikawa namwambia, hii kama chai ya msibani, hii kama panadoli, hii kama maneno ya mama mkwe. Anatikisa kichwa, anaondoka ameridhika, hajalamba hata kijiko. Nilimwambia bila kumficha: wewe ni kama padri anayefundisha ndoa. Akasema padri angalau anasikiliza maungamo.

Kulikuwa na jambo alilotugombeza nalo sana, sisi akina mama. Ngogwe nzuri tunauza. Magari ya kwenda kwa wachimbaji yanapita barabarani, mama ntilie wa machimboni wanataka zile zilizojaa, zinazong'aa, basi tunachuma zile kwanza. Mwisho wa msimu zinabaki zile zilizodumaa ambazo hakuna aliyezitaka, zinaiva zinakuwa nyekundu, na ndizo tunazozitoa mbegu.

"Mnauza mama mnabaki na kilema," alifoka. "Kila mwaka! Halafu mnakuja kunilalamikia mbegu zimechoka!"

"Na ile mbaya nimuuzie nani, Bwana Shamba? Wewe?"

Alikuwa na haki, nami nilikuwa na haki, na ndiyo maana ugomvi ule haukuisha. Tangu hapo nikawa namwachia miche michache mizuri isichumwe, lakini roho ilikuwa inaniuma kuitazama inaiva bure.

Jambo jingine alilonifundisha, na hili nimelishika, ni kutodanganywa na mche ulionenepa. Kando ya maji kulikuwa na mche mmoja umejaa ngogwe, unapendeza. Nikamwita. Akapiga magoti, akautazama, akauzunguka, akasema, "Huyu kanenepa kwa sababu anakaa karibu na maji. Hatujui damu yake." Ndiyo maana mbegu za tunda moja alizigawa, nyingine kando ya lambo, nyingine kule juu kwenye changarawe, nyingine katikati, ili aone ni ipi itazaa popote. Nikamwambia naelewa, namjua mwanamume aliyenenepa kwa kukaa karibu na jiko la dada yake. Siku dada alipohama tuliona damu yake halisi. Akacheka mpaka akakohoa.

Sasa nakuja kwenye kile kisa.

Mbegu za ngogwe unazitoa hivi: tunda likishakuwa jekundu unaliponda kwenye beseni la maji, unazungusha maji taratibu, nyama na mbegu pungufu zinaelea unazimwaga, na mbegu nzito zinabaki chini. Unaongeza maji, unazungusha tena. Yeye alifanya hivyo kando ya lambo, ameinama juu ya beseni, macho yameganda ndani. Halafu alikausha, na kwa kuwa alitaka kujua mbegu za kila tunda zina uzito gani, alikwenda akatafuta mzani mdogo, ule wa wanunuzi wa dhahabu, unaoingia kwenye kiganja. Mwanamume mmoja aliyeacha biashara Kahama ndiye alimpa. Na miche yake bora aliifunga uzi mwekundu kwenye shina, na kando ya kila mmoja akachomeka kigingi chenye namba.

Tazama mwenyewe. Mzee mgeni, kastaafu serikalini lakini hataki kurudi kwao. Anashinda amepiga magoti anakwangua udongo. Anaosha kitu kwenye beseni, anazungusha, anamwaga, anatazama chini. Ana mzani wa dhahabu mfukoni. Ana vigingi. Hapa ni Shinyanga. Mtoto wa kunyonya anajua maana yake.

Uvumi ulianza dukani ukapanda pikipiki. Mwaka ule ndio ulikuwa mwaka wake. Ilikuwa mwezi wa nane, jua limeshakula kila kitu, na katika kipande chake kulikuwa na miche michache imesimama imejaa vishada, ya changarawe na ya kando ya maji sawasawa, watoto wa mama mmoja, wanafanana kama pacha zangu. Kwa mara ya kwanza nilimwona anapiga mluzi. Aliniambia, "Mama Kulwa, zikishaiva tu. Zikishaiva nitakuwa nimemaliza." Ngogwe zilikuwa bado nyeupe, na mbegu ya ngogwe nyeupe ni maji matupu. Zilihitaji wiki chache tu ziwe nyekundu.

Asubuhi moja nikateremka bustanini nikakuta vijana ndani ya shimo. Shimo linawafika kifuani, wana sururu, na pembeni kuna kifusi. Walifuata nyuzi nyekundu. Walidhani mzee ameweka alama mahali mkanda wa dhahabu unapopita, kwa hiyo walichimba pale penye uzi, wakafuata hadi kwenye uzi mwingine, mstari mmoja mzuri. Miche isiyokuwa na uzi hawakuigusa. Miche yenye uzi yote ilikuwa kwenye kifusi, mizizi juu.

Nilipiga yowe. Nilichukua jembe, na Mungu ananijua, ningempasua mtu. Mama Limi naye akaja anakimbia, kanga moja.

"Mbwa nyie! Mmekosa migodi mpaka mje kuchimba mboga?"

"Mama, taratibu," mmoja akasema. "Tutagawana."

"Mtagawana nini? Ngogwe?"

Ndipo Bwana Shamba akafika na ndoo zake, kwa ile njia yake ndefu. Akaziweka chini. Wale vijana, wako shimoni vile vile, udongo mpaka nyusini, wakamsalimu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba." Akatazama shimo. "Mmepata?"

"Bado, mzee. Lakini dalili zipo."

"Aha," akasema.

Akaenda kwenye kifusi, akapiga magoti, akaanza kuokota miche mmoja mmoja. Alipasua ngogwe kwa kucha, akatazama ndani, akatupa. Akapasua nyingine. Zote nyeupe, mbegu laini kama usaha. Alijaribu kuirudishia miche ardhini, akamwagia zile ndoo zake zote mbili, na kufikia jioni ilikuwa imelala kama kamba. Nilitaka twende kwa mtendaji. Akasema mtendaji atanipa ngogwe gani? Wale vijana niliwasimamia mimi wakafukia shimo lote, na walipokuwa wanafukia mmoja alimwendea akamuuliza kwa adabu kabisa, "Kwani mzee, ulikuwa unapima nini na ule mzani?"

"Mbegu."

Yule kijana alimtazama sana. Nadhani mpaka leo haamini.

Alipanda tena msimu uliofuata, kutoka kwa mabaki, shangazi na binamu za ile miche. Haikufaulu. Mvua ilichelewa, halafu ikaja yote siku moja. Na mwili wake ulikuwa umeanza kumkataa. Akishuka chini kupiga magoti, kunyanyuka alishika kigingi. Siku aliyokuja kuaga alinirudishia jembe langu, akaniachia vifuko vya chandarua, akasema binti yake aliyeko Geita anamtaka akakae naye. Tulikuwa tumechoka, yeye kutafuta, mimi kumtazama anatafuta.

Sasa, nyuma ya jiko langu kuna jalala. Zile ngogwe alizokuwa ananiletea kuonja, zilikuwa nyingi kuliko mdomo wangu. Nyingine zilikaa kapuni hadi zikawa nyekundu na kunyauka, nikazitupa huko pamoja na majivu. Mvua zilipokuja yakaota maotea, nikayaacha, nani ana nguvu ya kupalilia jalala. Kuku wakala mengine. Mbuzi akala mengine. Mwezi wa tisa mwaka jana, lambo limekauka, bustani yangu yote imekuwa vijiti, nikaenda kumwaga majivu nikakuta miche miwili imesimama pale imejaa ngogwe. Mmoja mfupi, vishada vimebanana. Mwingine mrefu, ngogwe zake chache lakini nene, na majani hayajanyauka hata moja. Simwagilii. Nilikaa pale nikiwa na sufuria yangu ya majivu. Halafu nikampigia simu.

Alikuja kwa basi mpaka Tinde na kwa bodaboda mpaka kwangu, na alipoteremka nilidhani dereva kaleta shati bila mtu. Amekwisha. Ana fimbo, na jicho moja lina ukungu.

"Mwangaluka, Mama Kulwa." Ilikuwa alasiri.

"Mwangaluka, Bwana Shamba. Twende kabla hujakaa, ukikaa hutanyanyuka."

Tukaenda jalalani. Alisimama pale, akainama kidogo, akanyooka, akajaribu tena. Magoti yalikataa. Nikaona anataka kujitupa chini, nikamwambia acha ujinga. Nikashuka mimi. Kwenye majivu, na nguo yangu ya kanisani, kwa sababu nilivaa kwa ajili ya mgeni.

"Kishada kina ngapi?"

"Huu mfupi? Nne. Hapa tano."

"Maua bado yapo?"

"Yapo, juu."

"Shina?"

"Gumu. Kama kidole changu."

"Ngozi ya tunda, ibonyeze."

Nikabonyeza. Nikamwambia yote, mche huu na mche ule, na yeye kafumba macho, anasikiliza kama mtu anayesomewa barua kutoka kwa mwanawe.

"Mama yao nani?" akauliza.

"Jalala."

Akacheka, hakuwa na pumzi ya kucheka sana. Halafu akauliza lile nililokuwa naliogopa. "Ni damu hii, Mama Kulwa, au ni majivu?"

"Sijui."

"Hata mimi sijui." Akatazama kule bustanini kwenye vijiti. "Ni mpaka zipandwe kwenye changarawe. Halafu tena. Halafu tena."

Hakuna aliyesema nani atapanda.

Nilichuma chache nikapika na karanga, vyungu viwili, zisichanganyike. Nikaweka mbele yake na kijiko. Akanitazama.

"Leo utaniambia wewe," nikasema.

Nilidhani atakataa. Akachukua kijiko. Akala ya mche mfupi, akameza kwa shida, akala ya mche mrefu.

"Chungu?"

"Chungu."

"Chungu kiasi gani?"

Akajilamba meno. "Ya kuvumilika," akasema, na akamaliza vyungu vyote viwili.

Jua lilipopungua makali alitoa mfukoni uzi mwekundu. Alikuja nao kutoka Geita. Akanipa, maana ilibidi mtu ashuke tena, na huyo mtu si yeye. Nikarudi chini kwenye majivu, magoti yangu yakalia kama mlango.

"Chagua," akasema. "Mimi kutoka huku juu sioni vizuri. Mmoja tu uache uive, usiuchume, hata mama ntilie akikulilia."

Nilikata uzi kwa meno. Nikafunga.

"Umefunga upi?"

"Yote miwili."

"Nilisema mmoja."

"Nimekusikia. Nikiacha mmoja zitafanana, na zikifanana zote, nitachagua nini?"

Nilidhani amekasirika. Kisha akasema pole pole, kule juu yangu, "Basi utachoka sana, Mama Kulwa."

"Nimeshachoka," nikamwambia, nikamnyooshea mkono anivute.

Akaegemea fimbo yake akanivuta, nami nikavuta, na kidogo tu tuanguke wote wawili juu ya ngogwe.